Bandeji Niliyoifuta

Ufunguo wa chumba cha giza, kile cha kusafishia picha, nimeuacha kwenye msumari wake, nyuma ya mlango, chini ya kalenda. Najua nyinyi mnaobaki na studio hamtautumia. Mmoja wenu ameshaniuliza kama kile chumba kinaweza kugeuzwa kiwe cha maharusi kubadilishia nguo, nami nikasema kinaweza, maana tangu nistaafu nimekuwa mtu wa kukubali mambo. Lakini kabla hamjapaka rangi nyeupe juu ya ile nyeusi, kaeni kidogo niwaeleze kilichotoka humo mara ya mwisho. Sitawaeleza nililipwa nini wala nilipandishwa cheo lini. Studio yenye watu wawili haina vyeo. Ina mwenye kushika kamera na mwenye kufagia, na mimi nilifanya yote mawili.

Niliingia pale nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa. Kwetu ni Bondeni. Babu yangu alikuja na reli kutoka pwani, akaionja baridi ya Nakuru na akakaa. Baba alitaka nifundishe madrasa, mama alitaka nifanye lolote mradi nisishinde barazani. Mzee Gitau, mwenye studio, alikuwa akitafuta mtu ambaye mkono wake hautetemeki. Siku ya kwanza hakuuliza cheti. Alinipa sindano na uzi, akaniambia nipitishe uzi tunduni mara kumi. Nikapitisha. Akanivika koti la kazi lililonifika chini ya magoti, akanikabidhi penseli iliyochongwa hadi ncha ikawa haionekani vizuri, pamoja na negativu, yaani filamu iliyokwisha kupigwa, ya uso wa karani mmoja mwenye chunusi. Kazi yangu ilikuwa kuziondoa chunusi moja moja bila kumwondoa karani.

Miaka ile ya mwanzo naikumbuka kama mtu anavyokumbuka usingizi wa mchana. Taa nyekundu, maji yakitiririka kwenye sinki, dawa inayobana pua, na nikifungua mlango kuvuta hewa, harufu ya pareto ikiletwa na upepo kutoka upande wa kiwandani. Vumbi lilipanda ngazi pamoja na wateja. Sura za watu zilijitokeza zenyewe ndani ya trei, kwanza nywele, halafu macho, halafu kila kitu, na kila mara nilishtuka kidogo kwamba zimekuja. Nilikuwa sijui kama niko kazini au naota. Mzee Gitau alisema niko kazini, na kwamba nikiota nitamharibia karatasi.

Alikuwa na kamera ya mbao yenye miguu mitatu na kitambaa cheusi. Nyinyi hamjaichungulia. Ndani yake watu walionekana kichwa chini, miguu juu, kwa hiyo Mzee Gitau alizoea kuwasoma wateja kuanzia viatuni. Alisema mtu akijua anapigwa picha huutengeneza uso na mikono, lakini miguu huisahau. Aliwahi kunivuta chini ya kile kitambaa nimwone bibi harusi aliyekuwa anatabasamu vizuri kabisa, viatu vyake vyote viwili vimeelekea mlangoni. Mzee akasogeza kamera mbele, akampiga kuanzia kiunoni kwenda juu.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake ya kwanza, kwamba mpiga picha hamwambii mteja alichokiona. Mteja amekuja kutaka picha, hajaja kutaka maoni. Na sheria ya pili aliiita picha ya sanduku. Kila kazi ikiisha, watu wakishalegea na kuanza kutafuta mikoba yao, yeye alichukua kamera ndogo ya filamu akapiga moja tu, bila kumpanga mtu. Hiyo haikuuzwa wala haikuonyeshwa. Negativu iliingia kwenye makopo ya biskuti chini ya kaunta, na mkimkuta mtu anawaambia hayo makopo ni takataka, mtoeni nje. Nilipomuuliza za nini, alisema ni za studio, ili studio nayo ijue nani alipita.

Alipofariki aliniachia kamera zote mbili na madeni ya watu ambayo sikuyafuatilia. Kompyuta zikaja. Nilijifunza kwa shida, nikatoka kwenye penseli nikaingia kwenye kipanya, na nikagundua kwamba chunusi ni chunusi tu. Mji ukawa jiji, vumbi likabaki lile lile. Wateja wa harusi wakaanza kupungua, wa viza wakaongezeka. Picha ya viza mnaijua: kitambaa cheupe nyuma, masikio yote mawili yaonekane, usicheke. Nimeona watu wa upande wa mlima na wa upande wa ziwa wakiambiwa wasicheke siku ambayo walikuwa na furaha kuliko zote maishani mwao, na wakajikaza.

Halafu zikaja albamu za faili. Hizo hazikuwa na jina, mimi ndiye niliyezipa. Mtu yuko majuu, yaani ng'ambo, kibali chake cha kazi kinaisha, mwenzake ana makaratasi kamili. Wanaoana ili aliye na kibali kifupi apate kukaa, afanye kazi anapotaka, na akiugua atibiwe. Wakubwa wa uhamiaji wa huko wanataka ushahidi kwamba ndoa ni ndoa. Wanauliza mwenzako hulala upande gani wa kitanda, chai yake ina sukari kiasi gani. Na wanataka picha, si za harusi peke yake, za miaka. Sasa mtu aliyekutana na mwenzake juzi atatoa wapi miaka? Alikuja kwangu. Msiniulize kama ilikuwa halali. Nimejiuliza vya kutosha, na jibu nililolipata halinipendezi.

Chebet na Njoroge walikuja mwezi wa Desemba, wakati mji umejaa watu waliorudi likizo wakiwa na masanduku makubwa. Chebet alikuwa msichana wa Olenguruone, mrefu, mwenye sauti ya chini ya watu waliokulia kwenye ukungu. Huko majuu alikuwa akitunza wazee kwenye nyumba maalumu ya wazee, na kibali chake kilifungwa kwa mwajiri yule mmoja. Ile nyumba ilikuwa inafungwa. Akikosa kibali angerudi nyumbani, na mamake alikuwa akisafishwa damu kwa mashine, kwa sababu ya figo, hapa mjini mara mbili kwa wiki kwa mshahara ule ule. Alinieleza haya kwa utulivu, mikono imetulia mapajani, lakini niliona anaogopa. Njoroge alikuwa ameishi kule miaka mingi, anaendesha malori, makaratasi yake yako sawa. Walijuana kanisani. Walikuwa wamekubaliana kila kitu: Ijumaa wataandikishwa ndoa, Chebet akipata makaratasi yake wataachana vizuri, hakuna mtu atakayemdai mwenzake. Aliyesema hivyo alikuwa Njoroge, na alisema haraka haraka.

Tulikuwa na siku moja. Walileta sanduku la nguo, za baridi na za jua, na Chebet alikuwa na mitindo mitatu ya nywele za kuvaa. Nikawapangia miaka mitatu ndani ya Jumanne moja. Asubuhi Menengai na masweta, huo ni Julai wa mwaka wa kwanza. Halafu bustanini mjini, shati jipya, mwaka wa pili. Mchana Kikopey kwenye nyama choma, mwaka wa tatu. Nilibeba kamera kubwa, kamera ndogo ya zamani ya dijitali na simu yenye kioo kilichopasuka, ili picha zisifanane. Nilizingatia hadi vivuli, nisimweke mtu kwenye miaka miwili tofauti na jua moja. Nitakuwa mwongo nikisema sikujivunia.

Kabla hatujatoka, Njoroge alisimama mbele ya kile kioo cha kuchania nywele, chenye pembe iliyovunjika, akataka kukinyoosha. Kikamkata kidole cha shahada. Damu ilitoka nyingi kuliko kidonda chenyewe. Chebet aliinuka, akasimama kando yake, akafungua mkoba wake, akatoa bandeji na mkasi mdogo kama mtu anayetembea navyo siku zote. "Wacha nikufunge," alisema. "Usisonge." Njoroge hakusonga. Nakumbuka hata matatu za chini barabarani zilikuwa zimenyamaza, au labda nimezinyamazisha mimi baadaye. Alipomaliza, bandeji ilikuwa imekaa nadhifu kabisa, nyeupe, imefungwa fundo dogo upande wa kucha.

Mimi nilikasirika. Kidole kimoja, bandeji moja, miaka mitatu. Nani atakayeamini? Niliwaambia ataificha mfukoni, na pale itakapoonekana nitaifuta.

Siku yenyewe naiona bado, haina kelele. Juu ya Menengai upepo ulipuliza nywele za Chebet hadi zikamfunika Njoroge usoni, na shimo lote la kreta lilikuwa chini yao, kijani na mawe meusi, na moshi mdogo umeinuka kutoka ardhini mahali fulani ukapotea. Niliwaambia wasogeleane. Walisogeleana kama watu walio kwenye foleni. Nilimwambia Njoroge mtazame, akamtazama. Yeye Chebet kila nilipoinua kamera alikuwa anakakamaa. Na nikashusha macho, kwa mazoea ya Mzee Gitau, nikaona viatu vyake vya raba vyeupe vimeelekea garini. Vya Njoroge vilikuwa vimemwelekea yeye. Ilikuwa hivyo Menengai, ikawa hivyo bustanini. Basi nikajua, au nikadhani nimejua, nani anapenda na nani hapendi. Nilimhurumia yule kijana. Nikafanya nilichofundishwa, nikasogea mbele nikawapiga kuanzia kiunoni.

Kikopey tulifika saa tisa. Moshi wa nyama, malori yameegeshwa kando ya barabara kuu, watu wanakula kwa mikono na kuongea kwa sauti. Tulipiga za kula, wakilishana kachumbari kama nilivyowaagiza, wakicheka kwa kuhesabiwa. Halafu nikasema imetosha, kazi imeisha, nikazima kamera. Walisimama wakaenda kunawa penye mtungi wenye bomba, nami nikatoa ile kamera ndogo ya filamu kwenye mkoba, nikapiga moja ya sanduku bila hata kuangalia vizuri. Ilikuwa desturi tu. Filamu ile ilikuwa bado na nafasi nyingi, dawa za kuisafishia zilikuwa adimu, nikaitia kwenye droo ingoje ijae. Haikujaa. Wateja wa miaka hiyo hawakuwa wa kungoja nitoe kamera ya pili.

Albamu ilitoka safi. Nilikaa siku mbili nafuta bandeji, picha baada ya picha. Kufuta bandeji si kazi ndogo. Lazima umrudishie mtu kidole chake, ngozi, mikunjo, ukucha. Nilimtengenezea Njoroge kidole kizuri kuliko alichozaliwa nacho. Na kwa kuogopa ushahidi kubaki, nilihifadhi picha mpya juu ya zile za mwanzo kwenye kompyuta, zikapotea. Huo ndio uzembe mkubwa kuliko wote niliowahi kufanya, nami niliufanya kwa makini kabisa. Kabla mvua za Aprili hazijaanza, Chebet alinitumia ujumbe kwamba wamepita mahojiano.

Miaka mitano baadaye alirudi peke yake. Mamake alikuwa amefariki, na alitaka picha yake kubwa ya kuweka mbele ya jeneza, itolewe kwenye picha ya kitambulisho. Nilimfanyia kazi hiyo siku nzima, nikalainisha mikunjo michache, mingine nikaiacha, kwa sababu mama wa mtu hapaswi kuwa kijana kuliko mwanawe. Aliniambia sasa ni muuguzi kamili huko. Aliniambia yeye na Njoroge walimaliza kama walivyopatana, wakatoka ofisini siku ya kuachana wakapeana mikono, yeye Chebet akahamia mji mwingine. Alifunga picha ya mamake kwenye leso. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Njoroge huwa anapita hapa?"

Nikamwambia hapiti. Akaitikia kwa kichwa akashuka ngazi. Nilitaka kumwita, nimuulize kwa nini anauliza, lakini nilikuwa na sheria ya Mzee Gitau na nilikuwa na hakika yangu ya viatu. Nilirudi kwenye kompyuta. Inaniuma hadi leo.

Sasa nafika kwenye wiki yangu ya mwisho, ile ambayo nyinyi mlikuwa mnanunua keki kwa siri na kuificha kwenye sinki la chumba cha giza. Njoroge alipanda ngazi Jumatano. Nywele zimeingia mvi kandokando. Alikuwa amekuja kumwona babake, akasikia mathe wa picha, ndivyo vijana wanavyoniita mimi mama, anaacha kazi. Alikaa kwenye benchi, akavua kofia, akakizungusha kile kidole cha shahada kama mtu anayetafuta pete. Alisema albamu bado anayo, Chebet alimwachia. Huiangalia.

"Mathe, kwa hizo picha zote mimi ni mzima," alisema. "Nataka moja yenye nimejikata."

Nilimwambia nilizifuta. Alisema anajua, lakini labda nilibakisha moja mahali. Nikamuuliza ya nini.

"Hiyo siku yote ulitupanga. Simama hapa, cheka, mshike. Hiyo bandeji hukutupangia. Ndiyo kitu moja ilikuwa ya ukweli, na ndiyo hauna."

Nilijiona mtu mbaya. Nilikuwa nimekaa siku mbili nikimfutia mtu kitu pekee alichokuwa nacho, na nikajisifu jinsi mkono wangu usivyotetemeka. Ndipo nikaikumbuka ile filamu kwenye droo. Nikamwambia arudi kesho, na asitarajie sana, maana filamu iliyolala miaka hiyo yote inaweza kuwa imekufa.

Nyinyi mlidhani nimeingia chumba cha giza kulia. Nilikuwa natafuta chupa ya dawa. Ilikuwa imebaki moja, imegeuka rangi ya chai. Niliisafisha filamu, nikaianika kwenye kamba na kibanio cha nguo, na mchana nikawasha taa nyekundu, nikalaza karatasi ndani ya trei. Nilisimama nikingoja. Kwa muda mrefu karatasi ilibaki kijivu, na nikaanza kusikia maji na harufu ya pareto, ingawa miaka hii sijaisikia mjini. Halafu kijivu kikakolea, na kitu cheupe kikabaki katikati, kabla ya nywele, kabla ya macho. Ilikuwa bandeji.

Picha ilikuwa na ukungu kote, kama Olenguruone asubuhi. Bomba la mtungi, changarawe, gurudumu la lori. Bandeji ilikuwa imelowa mafuta ya nyama, na Chebet alikuwa anaifunga upya, ameinamisha kichwa. Njoroge anatazama pembeni, anamwonea haya. Hakuna aliyenitazama. Nikashusha macho. Nilikuwa nimewapiga wote wazima, hadi chini, kwa sababu sikuwa na muda wa kusogea. Zile raba nyeupe hazikuelekea gari lolote. Zilikuwa zimemwelekea Njoroge moja kwa moja, karibu kabisa, ncha zake zimeingia katikati ya viatu vyake. Miaka yote ile nilikuwa nimesoma miguu ya mtu aliyekuwa anaogopa kamera, nikaita hofu yake jina jingine.

Alhamisi Njoroge alikuja kabla hatujafungua. Nilimwekea picha kwenye kaunta. Alitazama kidole, akatabasamu, akasema ndiyo hiyo. Akaanza kuiingiza kwenye bahasha. Nilimwona Mzee Gitau na koti lake la kazi, nikamwomba radhi moyoni.

"Njoroge," nikasema, "angalia miguu."

Aliitoa tena. Akaangalia.

"Alikuwa ananifunga kidole tu, mathe."

"Muuguzi hufunga kidole akiwa amesimama kando. Nimemwona akikufunga hapa hapa, kando. Halafu alipokuja kwa ajili ya picha ya mamake aliniuliza kama huwa unapita. Sikukwambia kwa sababu hukuja, na yeye sikumuuliza kwa sababu nilijiona najua."

Alikaa kwenye benchi. Aliiweka ile picha gotini, akaifunika nusu ya juu kwa kiganja, ikabaki miguu peke yake, minne, kwenye changarawe ya Kikopey. Alikaa hivyo hadi mmoja wenu akafika na funguo za mbele, akamsalimia, naye hakusikia. Mwishowe aliinua kichwa.

"Unaweza chapa ingine?" aliuliza. "Na hiyo ya Chebet uniandikie vile inatumwa posta, isijikunje."

Nikarudi chumbani, nikawasha taa nyekundu. Dawa ilikuwa imechoka na nilihofu haitafika, lakini ilifika. Hiyo ndiyo picha ya mwisho iliyotoka mle. Sasa mnaweza kupaka rangi.